“Hafungi, mrudisheni beki”: wanavyomsoma vibaya Colin Hendry

Mwambie mzazi kwamba mwanawe anatolewa namba tisa, yaani straika, na kupelekwa namba tano, beki wa kati, swali ni lile lile: “Kwani kakosa nini?” Kocha msaidizi naye hudakia, “Magoli hayaji, bora akakabe tu.” Maneno haya yamesemwa mpaka yamechosha masikio, na kila mara husindikizwa na mfano wa Colin Hendry, yule Mskoti wa nywele za dhahabu aliyekuwa nguzo ya klabu ya England, Blackburn Rovers, kwamba eti hata yeye alikuwa straika aliyefeli akatupwa nyuma. Haya, tumchukue huyo huyo Hendry, maana shahidi huyu anawasuta waliomwita.

Dhana: straika hupelekwa beki kwa sababu ameshindwa

Nusu ya maneno haya ni kweli, ndiyo maana hayafi. Hendry, mzaliwa wa Keith kaskazini mashariki mwa Uskoti mwaka 1965, alianza katika klabu ya Dundee mwaka 1983 akiwa mshambuliaji, na hakuwa mfungaji wa kutisha. Kosa ni kudhani kwamba kutofunga ndiko kulikompa kazi ya beki. Mastraika wasiofunga wamejaa kila ligi. Wapeleke wote nyuma uone kipa wako atakavyozeeka mapema. Anayehamishwa huhamishwa kwa alichonacho, na Hendry alikuwa na kichwa chenye nguvu, mbio za hatua ndefu, na roho ya kuweka mwili mahali ambapo mguu wa mtu unakuja kwa kasi. Kwa straika hizo ni sifa za ziada. Kwa beki wa kati ndizo mtaji.

Halafu tazama ratiba yenyewe. Blackburn, wakiwa daraja la pili, walimchukua Machi 1987 chini ya Don Mackay, kocha aliyewahi kuinoa Dundee. Tarehe 29 ya mwezi huo huo Hendry akafunga bao pekee dhidi ya Charlton Athletic, timu ya daraja la kwanza, katika fainali ya Full Members' Cup, kombe la timu za madaraja mawili ya juu ya England, pale Wembley. Mtu huyu ndiye aliyegeuzwa beki wa kati. Hiyo ni adhabu ya wapi? Alikwenda Manchester City mwaka 1989, akarudi Blackburn 1991, na msimu wa 1994/95 timu ikatwaa ubingwa wa England kwa pointi 89 dhidi ya 88 za Manchester United, ikiwa imefungwa mabao 39 katika mechi 42. Wachezaji wenzake wa ligi walimpigia kura akaingia kikosi bora cha msimu.

Ajabu ni kwamba timu ile ile ilikuwa na safari ya kinyume. Chris Sutton, aliyenunuliwa mwaka 1994 kwa pauni milioni 5 acheze mbele pamoja na Alan Shearer, alianzia Norwich City akiwa beki. Mbona kwake hakuna anayesema “alishindwa kukaba”?

Kinachobadilika hasa mtu anapohama ni hiki, na makocha wengi hukiruka.

Kwanza mwili. Straika amezoea kuligeuzia goli mgongo na kungoja mpira mguuni. Beki husimama nusu upande, bega moja kwa mpira na jingine kwa goli lake, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu wake, yeye akiwa kati ya mtu huyo na goli. Kipimo ni rahisi: kwa kutupa jicho mara moja aone mpira na mtu pamoja. Aliyehama jana huutazama mpira peke yake, kama bado anangoja krosi ya kwake, na mtu anampita mgongoni.

Pili hatua ya kwanza, na hapa ndipo wengi hufia. Straika analipwa kwa kubahatisha: akikimbilia mpira wa kwanza mara kumi, akakosa tisa na kufunga wa kumi, ni shujaa. Beki akipatia tisa na kukosea mmoja, mechi imekwenda. Kwa hiyo lazima afundishwe upya kufika. Akimbie kwa nguvu zote kumfuata mwenye mpira, kisha mita mbili au tatu za mwisho afupishe hatua, ashushe nyonga, ampe upande mmoja tu wa kupita, ule wa mstari wa pembeni. Mguu usitupwe mpaka mpira utoke mguuni mwa adui. Karibu kila straika aliyegeuzwa hutupa mguu mapema, kwa sababu miaka yote kufika kwanza ndiko kulikompa sifa.

Tatu kichwa. Mpira ni ule ule, kazi imepinduka. Straika hugonga nusu ya juu ya mpira ili ushuke golini. Beki hugonga chini kidogo ya katikati ili uende juu, mbali na pembeni, kwa mpangilio huo wa umuhimu. Ukiona beki wako anaokoa kwa kichwa na mpira unadondokea kwenye duara la eneo la hatari, huyo bado ni straika ndani ya jezi namba tano. Mfundishe aanze na hatua mbili tatu za kujiandaa na aruke kwa mguu mmoja. Watoto wa chini ya miaka 12 wasiguswe na zoezi hili. Uskoti yenyewe iliondoa mipira ya vichwa kwenye mazoezi ya umri huo mwaka 2020.

Nne mstari wa kuotea, ule mtego wa mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao, aotee. Hapa straika anakuja na mali mfukoni, kwa kuwa ameishi miaka akinyatia mgongo wa beki wa mwisho na anajua mwizi anapita mlango gani. Anachokosa ni nidhamu ya kutembea na wenzake. Mwenye mpira akiwa amefunikwa, kwa maana ya kugeuza mgongo au kubanwa, mstari unapanda. Akiwa ameinua kichwa na hana wa kumsumbua, mstari unashuka kabla mpira haujapigwa. Mmoja akibaki mita mbili nyuma, mtego wote umekufa.

Zoezi la kuanzia ni uwanja mdogo wa mita 10 kwa 15, mmoja kwa mmoja, beki akianzia mita 8 kutoka kwa mshambuliaji. Mizunguko sita hadi minane, mapumziko ya dakika nzima katikati, kwa sababu aliyechoka hujifunza kutupa mguu tu. Wiki mbili ni hilo hilo. Kisha wawili kwa wawili kwenye mita 20 kwa 15, kisha mstari wa mabeki wanne bila wapinzani, kocha akihamisha mpira na wao wakihama nao. Ndipo mechi ya mazoezi. Mpe wiki nane kabla ya kumhukumu, na umpange jirani na beki anayepiga kelele, asiyeona aibu kumwita kwa jina kila dakika. Wanaomgeuza mtu Alhamisi, wakamchezesha Jumamosi na kumtoa mapumziko, kisha wakatangaza kwamba “hafai”, wao ndio wasiofaa.

Dhana: kanzu ya Gascoigne ilionyesha kuwa Hendry hakuwa beki wa kweli

Video ya sekunde kumi imemchafua mtu wa mechi 51 za taifa. Tarehe 15 Juni 1996, Wembley, Kombe la Ulaya, England dhidi ya Uskoti. England wanaongoza kwa bao la Shearer, kipa wao David Seaman ametoka kupangua penalti ya Mskoti Gary McAllister, na punde tu, dakika ya 79, mpira unamfikia kiungo wa England, Paul Gascoigne. Anampiga Hendry kanzu kwa mguu wa kushoto, yaani anaupitisha mpira juu ya kichwa chake, anaupiga kwa kulia kabla haujagusa chini, kipa Andy Goram hana la kufanya. Hendry yuko chini.

Kosa lipo, na ni zile mita mbili za mwisho: alifika kasi, kifua kikiwa mbele, bila kufunga breki, na alipotaka kugeuka miguu ikamponyoka. Lakini beki aliyekaba tangu utotoni naye huingia mtego huo akiona shuti linakuja. Kuliita kosa la straika ni uvivu wa kuangalia. Uskoti ilimaliza kundi lile ikiwa imefungwa mabao mawili tu, yote siku hiyo. Ilitoka sare ya 0-0 na Uholanzi, ikaifunga Uswisi 1-0, na ikatolewa kwa kuzidiwa mabao ya kufunga. Tatizo la timu lilikuwa mbele.

Katika kufuzu Kombe la Dunia la 1998, Uskoti ilifungwa mabao matatu katika mechi kumi. Hendry ndiye aliyevaa kitambaa cha unahodha Juni 10 dhidi ya Brazil, mechi ya ufunguzi pale Stade de France. Walilala 2-1, bao la pili likiwa la kujifunga la Tom Boyd. Baadaye Moroko iliwachapa 3-0, na hilo halina utetezi.

Dhana: akishavuka miaka kumi na tano, amechelewa

Hendry alikuwa na miaka 21 alipotua Blackburn. Christian Dailly alikuwa bado mshambuliaji wa Dundee United katika fainali ya Kombe la Uskoti ya 1994 dhidi ya Rangers. Shuti lake liligonga mwamba, Craig Brewster akamalizia, 1-0. Alipohamia Derby County mwaka 1996 alikuwa na miaka 22, na huko ndiko alikokuwa beki. Alimaliza na mechi 67 za taifa. Siku ile ya Brazil alianza pamoja na Hendry, akicheza upande wa kushoto, kwa hiyo kikosi cha kwanza cha Uskoti kilikuwa na mastraika wawili wa zamani waliogeuzwa.

Dhana: akihama, magoli yanakwisha

Mechi ya mwisho ya Hendry kwa taifa ilikuwa dhidi ya San Marino, Hampden Park, Machi 2001. Uskoti ilishinda 4-0, na mawili yalikuwa yake, akiwa na miaka 35. Mbio za kuingia kwenye boksi wakati wa kona hazisahauliki.

Mechi hiyo hiyo ilimgharimu pia: alimpiga mchezaji wa San Marino kiwiko, UEFA ikamfungia mechi sita, na hakuitwa tena. Kwa anayefundisha kuruka: mikono ni ya kujiinulia, viwiko vibaki chini ya usawa wa bega, viganja vikiwa wazi.