Bingwa mzee na pambano la marudiano: yasemwayo vibandani na yaliyotokea ulingoni

Pambano la ubingwa wa uzito wa juu likipigwa Las Vegas usiku wa Jumamosi, Mbeya huwa ni Jumapili asubuhi. Katika vibanda umiza vya Mwanjelwa hukumu hutolewa kabla kengele ya kwanza haijalia, hasa iwapo bingwa wa zamani anarudi kudai mkanda wake: amezeeka, ngumi zimekwisha, anafuata fedha tu.

Kuhusu fedha, wasemao hivyo wana ushahidi. Joe Louis alirudi ulingoni mwaka 1950 akiandamwa na deni la kodi, akashindwa na Ezzard Charles. Kuhusu ngumi wanakosea. Umri huanza na miguu, kisha hupunguza wepesi wa kuiona ngumi inapokuja na kuikwepa. Uzito wa ngumi yenyewe huchelewa kuondoka. Mnamo Novemba 5, 1994, George Foreman, mwenye umri wa miaka 45, alikuwa nyuma kwa pointi kwenye karatasi za majaji wote watatu dhidi ya Michael Moorer, na kwa raundi tisa alipigwa bila kuweza kumfuata kijana huyo. Katika raundi ya kumi alipenyeza ngumi fupi ya kulia katikati ya mikono ya Moorer, ambaye alianguka chali na kuhesabiwa hadi kumi, huku Foreman akipiga magoti kwenye kona kusali. Bukta aliyovaa ilikuwa ileile aliyopigwa nayo na Muhammad Ali mjini Kinshasa mwaka 1974.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi ni ya kuamini mizani. Bingwa aliyestaafu akionekana amepungua tumbo, mashabiki husema ujana umerudi. Ndivyo ilivyosemwa Oktoba 1980, Ali alipopanda ulingoni akiwa na miaka 38 kupambana na Larry Holmes, huku uzito wake ukikaribiana sana na ule wa Kinshasa. Ukweli ni kwamba alikuwa akimeza dawa za tezi ya shingo, ambazo huunguza nguvu za mwili pamoja na mafuta, hivyo aliingia ulingoni akiwa amekauka. Majaji walimpa Holmes kila raundi, hadi kocha Angelo Dundee alipokataa kumruhusu Ali kuendelea baada ya raundi ya kumi.

Sisi wa nyanda za juu tuna dhana yetu, kwamba aliyezaliwa kwenye baridi na miinuko hana haja ya kuhofia pumzi popote aendapo. Mwinuko una athari kweli, lakini mwili unaozoea hewa nyepesi huipoteza hali hiyo taratibu ukikaa bondeni, na mgeni naye huhitaji wiki kadhaa ili kuizoea. Aprili 2001 Lennox Lewis, aliyekuwa ameshughulika na filamu huko Las Vegas, alifika karibu na Johannesburg, kwenye mwinuko usio mbali na wa Mbeya, zikiwa zimebaki chini ya wiki mbili. Hasim Rahman, aliyetangulia kufika, alimwangusha katika raundi ya tano.

Wengi hudhani kwamba baada ya hapo Lewis alipewa marudiano kwa heshima ya ubingwa wake. Hakupewa. Mkataba ulikuwa na kifungu cha marudiano, kambi ya Rahman ikataka kupigana na mwingine, Lewis akaenda mahakamani na kushinda, kisha Novemba mwaka huohuo akamlaza Rahman katika raundi ya nne.

Marudiano yanaweza pia kumvua bingwa mkanda bila ngumi kurushwa. Mwaka 1995 Foreman alimshinda Axel Schulz kwa uamuzi uliozua ubishi mkubwa. IBF, moja ya mashirikisho ya kimataifa yanayotoa mikanda ya ubingwa wa ngumi, iliagiza warudiane, Foreman akakataa, na mkanda huo ukaondoka mikononi mwake.