Kupiga mfumo upya si tiba ya waifai inayokatika

Wiki hii mteja wa tatu aliingia karakanani kwangu, hapa Mwanga mjini Kigoma, na maneno yaleyale niliyokwisha kuyasikia kwa wawili waliomtangulia: "Fundi, waifai ya laptopu hii inakatika-katika, nimeshapiga Linux upya mara mbili na bado haijatulia." Ni mwalimu aliyesafiri kutoka Kasulu, na alikuwa amemaliza bando lake lote kupakua Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux, ambayo faili lake la usakinishaji linazidi gigabaiti 5, na baadaye Mint, aina nyingine. Nilimjibu, "Mwalimu, kadi yako ni nzima, na hata ile Linux ya mwanzo ilikuwa nzima." Inaniuma kwamba gharama yote ile ilitokana na ushauri wa mtu ambaye hakuuliza hata kadi ni ya aina gani.

Dhana: Waifai ikisumbua, piga mfumo upya au hamia Linux nyingine

Draiva nyingi za waifai, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuiendesha kadi, zimo ndani ya keneli, kiini cha Linux, na keneli hiyo ndiyo Ubuntu, Mint, Fedora na Debian zote huichukua. Zinachotofautiana ni umri wa keneli, mafaili ya programu dhibiti (firmware, programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) yaliyoambatanishwa nayo, na mipangilio ya awali. Kwa hiyo ukipiga upya toleo lilelile, unarudishiwa draiva ileile, programu dhibiti ileile na mpangilio uleule uliokuwa ukikukosesha usingizi, na zaidi ya hapo unakuwa umefuta kumbukumbu za mfumo ambazo zingemwonyesha fundi kadi ilianguka saa ngapi na kwa sababu gani. Wanaoapa kwamba kwao ilisaidia, mara nyingi walisaidiwa na kule kuzima mashine tu: kadi iliyoganda ilikosa umeme kwa muda, kisha ikapakiwa programu dhibiti upya. Faida hiyo ungeipata kwa kuzima kompyuta kabisa kwa dakika moja, bila kutumia hata megabaiti moja ya bando.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua terminali uandike lspci -nnk, au lsusb ikiwa kadi ni ya kuchomeka kwenye USB. Utaona namba ya kadi yenye sehemu mbili, kama 10ec:b723, ambayo sehemu yake ya kwanza inamtaja mtengenezaji. Kwa kadi zinazoonekana kwenye lspci, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom na 168c ni Atheros. Amri ya lspci itakuonyesha pia draiva inayotumika. Mstari wa draiva ukikosekana, tatizo lako ni la draiva au programu dhibiti, na amri ya sudo dmesg, inayoonyesha ujumbe wa keneli, itakutajia faili linalotafutwa na halipatikani. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa Debian hadi toleo la 12 la mwaka 2023, lilipoanza kuweka programu dhibiti zisizo huru katika diski yake rasmi ya usakinishaji. Draiva ikiwapo na waifai bado inakatika, hapo sasa ndipo tunapoangalia mipangilio.

Kwa mwalimu wa Kasulu, draiva ilikuwapo. Dalili yake ilikuwa kwamba waifai ilitulia alipokuwa akipakua kitu, lakini akiacha kompyuta dakika chache kusahihisha madaftari, anarudi na kukuta kurasa hazifunguki. Hiyo ni tabia ya kadi inayobana umeme. Ruta hutangaza uwepo wake takriban mara 10 kwa sekunde, na kadi iliyowekwa katika hali ya kubana umeme hulala kati ya matangazo hayo huku ruta ikiihifadhia data zake. Draiva au ruta isipoyafuata makubaliano hayo sawasawa, data huchelewa, na wakati mwingine ruta huihesabu kadi kuwa imeondoka. Andika iw dev upate jina la kadi, kisha iw dev wlp2s0 get power_save, ukiweka jina la kadi yako mahali pa wlp2s0. Katika Ubuntu na jamaa zake, mpangilio huo umo kwenye faili la /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, mstari wa wifi.powersave = 3. Namba 3 inawasha ubanaji umeme na namba 2 inauzima. Tulibadilisha tarakimu hiyo moja, tukaanzisha upya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, na kazi ikaisha. Betri itapungua haraka kidogo, lakini kwa mtu anayefanya kazi mezani hasara hiyo inavumilika.

Kuna kipimo kingine ninachomsihi kila mteja akifanye, hasa hapa kwetu ambako waifai nyingi hutoka kwenye simu au ruta ndogo yenye laini. Andika ip route, uone anwani inayofuata neno default, kisha ifanyie ping, amri inayoiuliza ruta kama ipo, kwa dakika tano. Ruta ikijibu wakati wote huku kurasa hazifunguki, kadi yako haina hatia hata kidogo: kilichokatika ni mtandao wa simu, au bando limekwisha.

Dhana: Isipoona ruta ya chumba cha pili, kadi ni mbovu, nunua nyingine

Kompyuta kadhaa za HP zilitoka na kadi ya Realtek RTL8723BE, ile ya 10ec:b723, zikiwa na antena moja tu, na draiva husikiliza upande usio na antena. Andika options rtl8723be ant_sel=2 katika faili ndani ya /etc/modprobe.d, washa upya, na isiposaidia jaribu 1. Kukimbilia kununua kadi kuna hatari yake pia, kwa sababu baadhi ya mashine za zamani za HP na Lenovo hukataa kuwaka zikikuta kadi ambayo BIOS, programu ya kuwashia mashine, haiitambui.

Dhana: Amri iliyomponya jirani itaniponya na mimi

Mpangilio unaosambazwa zaidi ni options iwlwifi 11n_disable=1. Kwenye Realtek haufanyi chochote, maana iwlwifi ni draiva ya Intel. Kwenye Intel unazima 802.11n, kiwango cha waifai chenye kasi zaidi, na kuiacha kadi kwenye kasi isiyozidi megabiti 54 kwa sekunde, kisha mwenye mashine analalamika mwaka mzima kwamba Linux ni nzito. Nimeufuta katika mashine nyingi ambazo wenyewe hawakumbuki waliuweka lini.

Dhana: Sasisho limeua waifai, kwa hiyo usisasishe kamwe

Draiva uliyoijenga mwenyewe kwa mkono ilijengwa kwa keneli ile ya zamani tu, na sasisho limeleta keneli mpya. Isakinishe kwa njia ya DKMS, zana ya kujenga draiva yenyewe, pamoja na vichwa vya keneli (mafaili yanayohitajika kuijengea draiva) ili ijengwe upya kila keneli inapobadilika, na kwa sasa washa keneli ya zamani kutoka menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapowaka. Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zilizotiwa saini tu, ikiwa imewashwa, moduli (yaani draiva) isiyotiwa saini itakataliwa hata ikijengwa vizuri.

Dhana: Kadi isiyowaka imeungua

Andika rfkill list, uone kama kadi imezuiwa. Kizuizi laini (kilichowekwa na programu) huondolewa kwa rfkill unblock wifi, lakini kizuizi kigumu ni swichi au kitufe cha kompyuta yenyewe, na hakuna amri itakayokiondoa. Kama mashine ina Windows pia, zima kipengele chake cha kuwaka haraka, kwa sababu kinaweza kuiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha.

Dhana: Kuweka nchi kuwa Marekani huongeza nguvu ya kadi

Kinachotokea ni kwamba unapoteza chaneli za 12 na 13, na ruta ya ofisini iliyo kwenye chaneli ya 13 inatoweka machoni pako. Andika sudo iw reg set TZ, kisha uhakikishe kwa iw reg get.

Mkija karakanani, njooni na matokeo ya lspci -nnk, rfkill list na sudo dmesg mliyoyahifadhi kwenye faili wakati tatizo linatokea, na mfumo ukiwa vilevile ulivyokuwa.