Geuza ramani kwanza, paneli baadaye

Februari iliyopita niliitwa kukagua matumizi ya stima katika jengo moja la ofisi kule Upper Hill, Nairobi. Nilifika ghorofa ya tano saa kumi na nusu jioni, jua limeelekea Ngong na linapiga vioo vya magharibi moja kwa moja. Wafanyakazi walikuwa wamebandika manila na magazeti ya zamani kwenye vioo, kwa gundi ya karatasi. Kwa kuwa magazeti yameleta giza, taa zote zilikuwa zinawaka. Kiyoyozi kinanguruma kupambana na joto la upande huo, na ng'ambo ya korido, ambako jua liliondoka tangu saa sita, dada mmoja alikuwa amevaa sweta na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Mwenye jengo alitaka nimwambie anunue paneli ngapi za sola.

Swali hilo huulizwa mwisho, ila wengi wetu tunaanza nalo. Uniti za stima alizokuwa akilipia zilichorwa kwenye ramani ya jengo miaka mingi kabla ya mita kufungwa. Ndiyo maana kanuni za matumizi bora ya nishati kwa majengo, popote zilipo, humkamata mjenzi akiwa bado na karatasi mezani.

Kanuni nyingi za aina hii zina asili ya baridi na hofu ya mafuta. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, chama cha wahandisi wa Marekani, ASHRAE, kilitoa kiwango chake cha kwanza cha nishati kwa majengo mwaka 1975. Leo Wamarekani wana pia IECC, kanuni nyingine ya nishati kwa majengo, inayogawa majengo makundi mawili: ya makazi na ya biashara. Mgawanyo wenyewe una kichekesho chake kwa mtu wa Nairobi. Fleti zenye ghorofa tatu kwenda chini huhesabiwa makazi. Zikizidi tatu, zinaingia sehemu ya biashara. Kwa kipimo hicho, karibu kila ploti ya kupangisha pale mtaa wa Pipeline, penye maghorofa marefu, ni jengo la biashara, hata kama ndani mna watoto na sufuria za ugali tu.

Ukizisoma kanuni hizo utaona kurasa na kurasa za kuziba nyufa. Nyumba mpya hufungwa feni kubwa mlangoni, hewa ikavutwa nje, kisha wanapima nyumba inavuja kiasi gani. Ni sawa kabisa kwa Chicago, kwa sababu kila upenyo wa hewa ni pesa ya kupasha nyumba joto inayotoroka. Sisi tuko digrii moja na ushee kusini mwa ikweta, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Mwezi wa saba tunatetemeka, mwezi wa pili na wa tatu tunatokwa jasho kidogo, lakini nyumba iliyochorwa vizuri haihitaji hita wala kiyoyozi mwaka mzima. Yale matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo wapangaji huyaziba kwa magazeti kila Julai, yapo kwa sababu nzuri: hewa itoke na kuingia. Nikiona mtu amenakili kanuni ya kuziba nyufa na kuileta hapa, najua hajawahi kulala mtaa wa Umoja chumba kimoja na jiko la makaa.

Kinachotusumbua sisi ni jua la pembeni. Hapa nitakaa kidogo.

Mchana wa mwezi wa sita jua liko kaskazini yetu, lakini juu sana, nyuzi 65 hivi kutoka upeo. Mwezi wa kumi na mbili liko kusini, juu vilevile. Kwa hiyo ukitoa ukingo wa zege wa sentimita 60 juu ya dirisha linalotazama kaskazini, kivuli chake mchana wa Juni kinashuka karibu sentimita 130. Dirisha zima limefunikwa, kwa gharama ya zege kidogo na nondo chache. Sasa chukua ukingo huohuo uuweke upande wa magharibi. Saa kumi na nusu jioni jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi, linakuja mbele yako kama taa za matatu. Kivuli kinashuka sentimita 35 tu. Kinachobaki chote kinaingia ndani.

Na kinaingia kwa wingi. Kioo cha kawaida, kile cheupe cha bei rahisi, hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua linalokigonga. Jioni isiyo na wingu, mita moja ya mraba ya kioo cha magharibi inaweza kuingiza wati 500 hivi. Mita mbili ni sawa na kuacha pasi ya wati 1,000 ikiwaka ofisini. Yule mteja wangu wa Upper Hill alikuwa na kioo kutoka sakafuni hadi dari, ukuta mzima. Hesabu pasi mwenyewe.

ASHRAE huruhusu vioo visizidi asilimia 40 ya ukuta kwa atakayefuata njia ya kipimo kwa kipimo, yaani kila sehemu ya jengo itimize kipimo chake, na IECC kwa kawaida asilimia 30. Atakaye zaidi anaruhusiwa, ila athibitishe kwa hesabu kwamba jengo zima halitakula nishati zaidi kuliko jengo la mfano linalofuata vipimo hivyo. Kifungu hicho ndicho ningekiiba kwanza, niongeze kwamba upande wa magharibi una asilimia yake, ndogo zaidi.

Tusijidharau pia. Ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, zilizofunguliwa mwaka 2011 kwa watu 1,200, zilichorwa bila kiyoyozi cha kawaida: ua mrefu katikati unaovuta hewa moto juu, mwanga wa mchana unaofika kwenye meza, na ndipo mita 6,000 za mraba za paneli zikawekwa paani. Angalia mpangilio huo. Paneli zilitarajiwa kutosha kwa sababu jengo halikuwa na njaa.

Nyumbani njaa yetu iko bafuni. Kuoga kwa lita 40 za maji yaliyotoka nyuzi 18 hadi 40 kunakula uniti moja ya stima. Familia ya watu watano ni uniti tano kila siku, kabla hujawasha hata taa. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliagiza jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kutoka kwa jua. Wazo lilikuwa zuri. Utekelezaji ni hadithi nyingine. Niliwahi kupanda paa la fleti fulani Kileleshwa, paneli za kupasha maji zimepangwa vizuri, zinang'aa. Nikafuata paipu. Iliishia kwenye ukuta, imezibwa kwa kifuniko cha plastiki. Msimamizi wa jengo akacheka: "Injinia, hizo ni za kupitisha ramani. Maji moto kila mtu anatafuta na shawa yake."

Sikumlaumu. Mwenye nyumba ndiye hununua paneli, mpangaji ndiye hununua tokeni. Faida inaenda mfuko mwingine. Kanuni inayokagua ramani peke yake, bila mtu wa kufungua mfereji siku ya kukabidhi jengo na kuweka mkono chini ya maji, itaendelea kuzaa paneli za mapambo.

Majengo makubwa yana kamba nyingine. Kanuni za usimamizi wa nishati, za 2012 pia, ziliweka kiwango cha uniti 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi. Kwa atakayefika hapo, ziliagiza ukaguzi kila miaka mitatu, na angalau nusu ya akiba iliyoonekana itekelezwe. Kazi yangu inatoka humo, sitailalamikia. Ila mkaguzi hana uwezo wa kuligeuza jengo. Yule bwana wa Upper Hill nilimshauri filamu ya kioo, bao za kivuli za kusimama wima upande wa nje na taa za LED. Vyote ni viraka.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea ramani ya fleti anazotaka kujenga Kasarani, ploti ya futi hamsini kwa mia. Vyumba vyote vya kulala magharibi. Nikamwomba tuhamishie huko ngazi, vyoo na stoo, vyumba viende mashariki vipate jua la asubuhi.

"Lakini magharibi ndiko barabara iko, mwanangu. Watu wakipita wataona nini? Choo?"

"Wataona ngazi, mama, na ukuta wa matofali ya matundu. Hewa inapita, jua linabaki nje."

Alikaa kimya, akageuza karatasi upande huu na ule. Mwishowe alikubali ngazi na stoo. Choo amekataa katakata.