Bega lililobanwa: baada ya upasuaji, kazi bado ni yako

Mgonjwa wa bega lililobanwa huonekana tangu anapovua shati. Hutoa kwanza mkono mzima, kisha huuvuta ule mwingine polepole huku amekunja uso. Mwambie auinue mkono kwa pembeni: mwanzo unapanda bila shida, ukikaribia usawa wa bega maumivu yanachoma, ukishapita hapo yanapoa. Kipande hicho cha katikati, kati ya digrii 60 na 120 hivi, hutueleza mengi. Usiku ndio mbaya zaidi, kwa kuwa upande huo haulaliki.

Kwa juu, bega limefunikwa na ncha ya mfupa wa kombe iliyotokeza kama paa. Chini ya paa hilo hupita kano za misuli inayolishika bega mahali pake, pamoja na kifuko chembamba chenye ute kinachozuia kano zisisuguane na mfupa. Kano zikichoka au kifuko kikivimba, nafasi inakuwa finyu, na kila ukiinua mkono unahisi kubanwa.

Mwaka 1972 daktari mpasuaji wa Marekani, Charles Neer, alieleza tatizo hili na kupendekeza kuchonga upande wa chini wa mfupa huo ili nafasi ipanuke. Wazo lake lilienea duniani. Siku hizi upasuaji hufanywa kwa kamera nyembamba kupitia matundu madogo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Lakini kabla hujakubali kupasuliwa, lijue hili. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliowagawa wagonjwa katika makundi matatu: waliochongwa mfupa, walioingizwa kamera bila kuchongwa chochote, na ambao hawakupasuliwa kabisa. Waliochongwa hawakuwashinda walioangaliwa kwa kamera tu, na tofauti kati yao na wasiopasuliwa ilikuwa ndogo mno kuleta nafuu ya kuonekana. Mwaka uliofuata, jopo la wataalamu katika jarida la BMJ lilishauri upasuaji huu usifanywe kwa maumivu ya aina hii. Ndiyo maana mimi huomba tuanze na mazoezi, tena yafanywe kwa ukamilifu kwa wiki 12 hivi. Kujaribu siku tatu na kuacha hakuhesabiki. Wapo ambao bado watahitaji upasuaji, hasa kano ikiwa imechanika, na hilo huamuliwa na daktari aliyekupima.

Ukishapasuliwa, swali la kwanza kwa daktari wako liwe hili: mfupa umechongwa tu, au kano imeshonwa pia? Jibu lake ndilo linalopanga kila kitu. Kano iliyoshonwa hulindwa, na mara nyingi mkono huning'inizwa kwa kitambaa wiki 4 hadi 6, bila kuuinua kwa nguvu zake wenyewe. Kama hakuna kilichoshonwa, kitambaa ni cha kupunguza maumivu siku chache za mwanzo tu. Nimeona watu wakikivaa mwezi mzima kwa woga, na bega linaganda. Kuligandua huchukua muda mrefu kuliko kupona upasuaji wenyewe.

Zoezi la kwanza ni dogo kiasi kwamba wengine hulidharau. Shika ukingo wa meza kwa mkono mzima, inama, uache ule uliopasuliwa uning'inie umelegea. Yumbisha kiwiliwili taratibu, mkono ukifuate wenyewe, mbele na nyuma, kisha kwa duara dogo. Ukiona misuli ya bega imekaza, ujue unausukuma mkono; ulegeze. Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko vikunjwe na kukunjuliwa mara nyingi kwa siku. Kuvaa shati, tanguliza mkono mgonjwa. Kuvua, uwe wa mwisho.

Baadaye mkono huteleza juu ya meza kwa kitambaa, kisha hupanda ukutani kwa vidole, na baada ya wiki kadhaa huanza kuvuta utepe wa mpira wa mazoezi. Hapo tunashughulika sana na misuli ya kombe la bega, maana kombe likilegea, paa nalo huinamia kano. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana ubaya. Yakibaki makali hadi kesho yake asubuhi, umezidisha: punguza idadi, usiache zoezi. Mizigo mizito na kazi za kunyoosha mikono juu ya kichwa zisubiri miezi mitatu hivi. Kupona kabisa huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine hata mwaka.

Ukiona kidonda kinatoa usaha, wekundu unasambaa, homa inapanda au mkono unazidi kufa ganzi, rudi hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikiuma ghafla au pumzi ikikatika, hiyo ni dharura.

Mwendo unaochelewa kurudi ni ule wa kupeleka mkono mgongoni, kama wa kuchomeka shati kwa nyuma. Wagonjwa wangu hukata tamaa hapo, ingawa mengine yote yamerudi. Ukifika hapo usiulazimishe kwa kuuvuta ghafla. Njoo tuupime, tuone umepanda kiasi gani tangu wiki iliyopita.