Mafuta kwenye ini si soriasisi iliyoingia ndani

Nimelisikia tena wiki hii lile neno la kwamba soriasisi, maradhi ya ngozi yenye magamba, huingia ndani ikashika ini, na safari hii silinyamazii. Mwalimu mmoja wa skuli kavuka na boti kutoka Pemba, bahasha kwapani. Alipigwa utrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, akishukiwa mawe kwenye nyongo. Mawe hayakuonekana, ila ripoti ikasema ini lina mafuta, daraja la kwanza, yaani la chini kabisa. Nyumbani wakamwambia soriasisi imeingia ndani, imeshika ini. Methotreksati, dawa yake ya soriasisi, akaiacha. Amefika kwangu mimi mpiga utrasaundi, viwiko na magoti yamejaa magamba upya.

Jamani, magamba hayahami kutoka kwenye ngozi yakaenda kwenye ini. Soriasisi hufuatana na mchochota mwilini, na mara nyingi pia na kitambi, kisukari na presha. Kitambi na kisukari ndivyo vinavyojaza ini mafuta. Ndiyo maana wenye soriasisi tunawaona na mafuta hayo zaidi kuliko watu wengine.

Sasa hilo daraja la kwanza. Nikishakupaka jeli nikakwambia "vuta pumzi, zuia", natafuta picha inayoonesha ini na figo ya kulia pamoja. Ini la kawaida hulingana na figo kwa mng'ao, au huizidi kidogo. Likijaa mafuta hung'aa, figo ikabaki nyeusi ubavuni mwake. Basi ni hivyo tu: jicho langu linalinganisha rangi mbili za kijivu. Mgonjwa akiwa na tumbo nene, mawimbi hufika chini yakiwa dhaifu. Figo yenye maradhi yake nayo hung'aa, ulinganisho wote ukaharibika. Kati ya ini lisilo na mafuta na daraja la kwanza mimi mwenyewe husita, na mwenzangu akiitazama picha ileile anaweza kuandika vingine. Na mafuta yakiwa hayajafika asilimia 20 hadi 30, mara nyingi hatuyaoni kabisa. Mtu anaachaje dawa kwa neno kama hilo?

Tena daraja la mafuta halisemi lolote kuhusu makovu, na makovu ndiyo yanayoliua ini. Utrasaundi ya kawaida huyaona yakiwa yameshakithiri. Kwa hayo kuna hesabu ya FIB-4, inayotaka umri, AST na ALT (vimeng'enya vya ini) na chembe sahani zinazogandisha damu, vipimo vya damu vya kawaida. Ikiwa chini ya 1.3, makovu makubwa hayaelekei kuwepo. Kwa aliyepita miaka 65, kikomo ni 2. Kwa kijana wa chini ya miaka 35 msiitegemee.

Methotreksati kweli inaweza kudhuru ini, zaidi kwa mwenye kitambi, kisukari, homa ya ini B, au anayekunywa pombe. Kwa hiyo ripoti yenye mafuta ipelekeni kwa daktari aliyewaandikia dawa, apime damu, na yeye ndiye aamue kuendelea au kubadilisha.

Na mengine mnayoyakuta kwenye ripoti: uvimbe wa maji kwenye figo, ule mwepesi usio na kuta ndani, ni wa umri; uacheni. Tezi za kinena zilizokua kidogo wakati ngozi ya mapaja imewaka, kwa kawaida zinaitikia ngozi. Zisiponywea ngozi ikishatulia, au zikiwa ngumu na za mviringo, lazima kikatwe kipande cha tezi kipimwe, na hilo halingojewi.