Mchanga haubebi pevingi, jamani

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba mchanga utasawazisha mabonde chini ya pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga njiani. Safari hii ni mzee wa mtaa mmoja hapa Tabata, wanajenga njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba zao, mita 60 kwa upana wa mita moja na nusu, wamechangishana wenyewe, kamati ipo na daftari lipo. Nafika saiti nakuta vijana wameshachimba na kumwaga kifusi, juu kumekaa mabonde na vilima kama njia ya ng'ombe. Nauliza, mzee wangu, haya mabonde mnayarekebishaje? Ananijibu bila wasiwasi, "Si mchanga unakuja fundi? Mchanga utajaza." Na kweli, tripu mbili za Fuso zilikuwa njiani.

Sasa naandika mara moja, wa tano akiniuliza namtumia linki.

Mchanga haubebi kitu. Kazi yake ni kukikalisha kitofali vizuri, basi. Ni kama mkeka, ukitandika juu ya mawe utalalia mawe yale yale. Kinachobeba ni kifusi au kokoto iliyoshindiliwa chini yake, na hiyo ndiyo inatakiwa iwe na sura ile ile ya juu, mteremko ule ule, usawa ule ule. Mchanga unatandazwa sentimita 5 hivi ukiwa haujagandamizwa, ukipiga pleti kompakta, ile mashine ya bapa ya kushindilia, unabaki kama 3 au 4. Kila mahali! Hapo kwenye "kila mahali" ndipo watu wananichosha.

Maana fikiria, upande huu una mchanga sentimita 3, upande wa bonde una 12. Siku unamaliza pevingi zimenyooka, kamba inasoma, pima maji inasoma, mteja anapiga picha anarusha kwenye grupu la mtaa. Ila ule wa sentimita 12 haujashuka wote, mashine ndogo imegandamiza juu juu, huku chini umebaki umelegea unasubiri. Inakuja masika, maji yanapenya kwenye viungo, mchanga unajipanga upya, bonde ulilolificha linarudi pale pale lilipokuwa. Halafu eti "hizi blok ni feki". Blok haina kosa hata kidogo.

Mwaka jana nilifungua njia moja iliyotitia getini kwa mtu, kazi ya fundi mwingine. Unatoa kitofali cha kwanza kwa bisibisi mbili, hicho ndicho kigumu, vingine vinafuata kama karanga. Nikachomeka futi kwenye mchanga: sentimita 14. Chini yake kifusi kina vifuko vya nailoni, vipande vya mkaa, nikakikandamiza kwa dole gumba dole likazama. Dole gumba! Na hapo gari linapanda kila siku asubuhi na jioni. Mwenye nyumba alikuwa ameshaongeza mchanga hapo mara tatu, kila mwaka anafungua anaongeza anafunga, na alitaka mimi niongeze ya nne.

Kushindilia sasa. Tabaka la sentimita 15, unashindilia, tabaka lingine, unashindilia. Siyo unamwaga yote kwa mpigo halafu mashine inacheza ngoma juu. Na maji muhimu: kifusi kikavu kinatimua vumbi tu, kikilowa mno kinanesanesa. Chota kiganjani, finyanga, kikikaa kama andazi bila kukulowesha mkono na ukikivunja kinakatika vipande viwili vitatu, washa mashine. Vifuko, mizizi na nguo kuukuu toa, sitarudia.

Hapa niseme ukweli ambao kwenye mafunzo hausemwi. Kipo kifaa cha kupimia, DCP, nyundo ya kilo 8 inadondoka milimita 575 inasukuma ncha ya chuma ardhini, unahesabu inazama milimita ngapi kila pigo. Nimekitumia kwenye barabara. Kwenye njia ya mtaa ya kuchangishana nani atakilipia? Kwa hiyo nasikiliza. Mashine kwenye kifusi laini inatoa sauti nzito ya kumezwa, kikishakaza inaanza kurukaruka na kugonga kavu. Ndiyo kipimo changu, na kuna siku kimenidanganya, kuna kona moja ilinitia aibu mpaka nikairudia kwa hela yangu.

Wengine watasema basi weka vumbi la kokoto badala ya mchanga, linashika. Linashika ndiyo, wiki ya kwanza unaweza kudhani umemwaga zege. Tatizo ule unga unga wake unashikilia maji, na tabaka likikaa na maji huku linakanyagwa linaanza kulegea na kuhama. Mimi kwa mteja naweka mchanga msafi wa mto, wa chenga chenga, siyo wa baharini wenye chumvi. Ila nikiri tu: mbele ya kwangu nimeweka vumbi, lilibaki kwenye kazi fulani, mwaka wa sita huu halijatikisika. Sina maelezo, labda ni kwa sababu maji yanaondoka haraka pale, labda bahati.

Na wale wa kuchanganya saruji na mchanga mkavu chini, hapo sipigani sana. Sehemu yenye mteremko mkali nimeshafanya mwenyewe. Ila juu ya kifusi kibovu unapata biskuti tu, inavunjika, na siku mtu anataka kupitisha bomba la maji itabidi mgonge kwa sururu wakati raha ya pevingi ni kufungua na kurudisha. Hayo mabomba nayo, pitisha paipu tupu chini kabla hujafunga, kila geti, maana jirani ambaye hajavuta maji atavuta wiki mbili baada ya wewe kumaliza, ndiyo kawaida yao.

Mengine haraka haraka. Kabistoni, yale mawe ya zege ya ukingoni, kwanza, pevingi baadaye, na mgongoni mwake kuwe na zege, siyo udongo, la sivyo zinasukumwa nje na mchanga unakimbia pembeni. Mteremko asilimia 2 kuelekea mtaroni, kwa upana wa mita moja na nusu ni sentimita 3 tu, siyo kuelekea ukutani kwa watu. Blok za milimita 60 kwa miguu, getini panapopita gari weka za 80 na kifusi kinene zaidi. Getini pia shusha kingo ilale, mwenye kiti cha magurudumu apite, na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani asiruke ngazi.

Tukarudi kwa mzee. Nikampigia hesabu palepale juu ya mfuko wa saruji: mita 60 mara moja na nusu ni 90 za mraba, blok 4,500 maana zinaingia 50 kila mita, mchanga kwa sentimita 5 ni ujazo wa mita nne na nusu. Tripu moja inatosha na mwingine utabaki. Hela ya tripu ya pili tukodi kompakta siku mbili na tununue kifusi cha kujazia yale mabonde.

Akanyamaza, akamwangalia mweka hazina, akasema, "Lakini fundi, Fuso zote mbili ziko hapo kona."