APOL1: jeni inayotukinga na nagana, na fumbo lake kwenye figo

Wafugaji wa Kanda ya Ziwa wanaochungia karibu na mapori ya Serengeti wanaijua nagana: ng'ombe anakonda, maziwa yanakatika, mwisho anaanguka. Ndorobo (mbung'o) anayeieneza humuuma hata mchungaji. Mbona yeye haugui nagana?

Kinga yake imo kwenye damu. Jeni ya APOL1, iliyoko kwenye kromosomu ya 22, hutengeneza protini inayosafiri pamoja na kolesteroli nzuri. Kimelea cha nagana huimeza bila kujua. Ikifika ndani hutoboa utando wake, chumvi na maji huingia, nacho huvimba hadi kufa. Ng'ombe hana jeni hii. Cha ajabu, sokwe naye hana, ilhali nyani anayo.

Malale ya binadamu upande wetu huletwa na ndugu wa kimelea hicho, Trypanosoma brucei rhodesiense, aliyejipatia silaha: protini iitwayo SRA, ambayo huing'ang'ania APOL1 isifanye kazi. Lakini wapo watu wenye aina ya jeni iitwayo G2, ambayo SRA haiwezi kuishika vizuri.

Kinga hiyo ina gharama. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa anayerithi G2, au aina nyingine iitwayo G1, kwa baba na kwa mama pia, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya figo kufeli, ingawa wengi wao hawaugui kamwe. Aina hizi zimeenea zaidi Afrika Magharibi.

Protini hii inaumizaje figo? Hapo wataalamu bado wanabishana. Ile ya kwenye damu haionekani kuwa mkosaji: figo iliyopandikizwa kutoka kwa mtu mwenye nakala mbili za hatari huelekea kufeli mapema, hata kama mpokeaji hana jeni hizo. Basi madhara yanatoka ndani ya seli za figo zenyewe. Zinaihitaji kwa kazi gani? Huenda hakuna. India alipatikana mtu asiye na APOL1 inayofanya kazi. Aliugua kimelea cha mifugo, ila figo zake zilikuwa nzima.

Kwangu huo ndio ushahidi unaotia moyo kuliko wote, maana unaruhusu kuizima protini hiyo kwa dawa. Dawa moja ya aina hiyo, inaxaplin, katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2023, ilipunguza protini zinazovuja kwenye mkojo, ambazo ni dalili ya figo kuumia, kwa karibu nusu ndani ya wiki 13.

Usikimbilie kupima jeni. Mwenye presha, kisukari, VVU, au ndugu anayesafishwa damu, aombe kipimo cha mkojo na cha kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja. Figo huharibika muda mrefu kabla miguu haijavimba.